Hatua Elfu Arobaini Nikiwa Nimeketi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeingia kwenye sayansi. Kwa mlango wa mbele! Fomu nimeitia saini mbili, moja ya kawaida na moja ya mapambo.

Ilikuwa hivi. Mke wangu kanikokota hadi zahanati kwa sababu ya kile kizunguzungu cha Jumamosi. Kizunguzungu kidogo tu. Nilijishikilia kwenye suruali niliyokuwa nampimia mteja, na mteja alikuwa ndani yake. Nesi kanipima presha: mia na hamsini na nane juu ya tisini na sita. Nikamwambia hata shuleni sikuwahi kupata alama nyingi hivyo. Hakucheka. Mke wangu naye hakucheka, na huyo hunichekea hata kabla sijafungua mdomo. Baba yake alichukuliwa na kiharusi akiwa na umri wangu huu huu. Hakulitaja hilo. Alinishika mkono tu mpaka tukafika nje.

Kumbe pale zahanati kuna utafiti. Daktari Mtafiti, binti mdogo wa miwani mikubwa, anatafuta watu arobaini wenye presha ambao hawajaanza dawa. Anataka kujua kama kutembea zaidi kwa wiki nne kunaweza kuishusha. Ikishuka, heri. Isiposhuka, baba, akaniambia kwa adabu, vidonge, kila siku ya maisha. Vidonge! Mimi niliyekula katika bandari tatu na kulala katika miji saba bila tumbo kunguruma! Kidonge hakipiti kooni mwangu. Kinageuka mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba.

Basi nikakubali. Wamenifunga kihesabu hatua kwenye kifundo cha mguu, kidogo kama kiberiti. Nikauliza mbona si mkononi, kama saa. Nesi akasema walijaribu mkononi mwaka jana wakajuta. Muuza magazeti mmoja alitembea kilomita nane akiwa ameketi, anabishana mpira.

Atakayetembea kuliko wote atapigwa picha, ibandikwe ukutani zahanati. Picha kubwa. Nimeshachagua suti.

Jumatano, 5 Juni

Msiba. Kinyozi wa kibanda cha pili naye yumo kwenye utafiti! Na mama mkwe pia.

Jana nilitembea kwa dhati kabisa. Mpaka kona, na kurudi, na tena mpaka kona, ambako nilikutana na muuza kahawa na mazungumzo yakawa ya maana. Jioni kihesabu kikasema elfu mbili mia tatu. Kinyozi kapata elfu tisa. Mama mkwe, mwenye goti bovu, elfu sita na mia moja!

Kinyozi kaja dukani kwangu bila shida yoyote, eti anaazima mkasi. Mkasi! Kinyozi! Akaniuliza kama hicho kifaa changu kina ugonjwa au ni mwenyewe ndiye mgonjwa. Akasema nijihadhari, kuna konokono nyuma yangu anapiga honi. Wateja wake wakacheka hadi mmoja akakatwa sikio. Kidogo tu. Nilifurahi kidogo tu.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu hamtupi fundi wake!

Nina sketi sitini za sare za shule, zinatakiwa Jumatatu. Kwa hiyo leo sikunyanyuka. Toka asubuhi nipo kwenye cherehani, miguu juu ya kanyagio, kanyaga, kanyaga, kanyaga. Nikasema basi leo kinyozi atanizika. Jioni nikainama kukiangalia kihesabu nikiwa nimefumba jicho moja.

Elfu thelathini na nane mia nne na kumi na mbili!

Nikakifuta kwa shati. Bado elfu thelathini na nane. Nikakanyaga mara kumi, nikatazama. Zimeongezeka kumi. Nikalia machozi mawili. Kile kifaa hakijui mtu anakwenda wapi. Kinajua mguu umepanda, mguu umeshuka. Na ukifikiri vizuri, je, mimi sijatembea? Mguu ni wangu. Jasho ni langu. Barabara tu ndiyo haikuwepo.

Ijumaa, 7 Juni

Leo kusomewa hatua. Nesi kasoma ya kwangu, kavua miwani, kavaa, kasoma tena.  Kinyozi alifungua mdomo na hakuufunga mpaka chai ilipoletwa. Wakaniuliza natembea wapi. Nikasema: kwingi.

Mama mkwe akanitazama kwa fahari, akawaambia watu: huyo ni mkwe wangu, dunia nzima ameimaliza kwa miguu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ninao mwingi, sema watu hawauoni.

Jumanne, 11 Juni

Biashara imekuwa ya ajabu. Sketi zimekwisha, kwa hiyo kazi sina, na bila kazi sina hatua. Nimetangaza kwa majirani kwamba napiga pindo bure. Pazia, shuka, mito, hata kile kitambaa cha kufunikia televisheni. Mwalimu wa nyumba ya pili kaleta turubai la hema. Nimelishona kwa mishono midogo midogo kama ya nguo ya bibi harusi, ili lichukue hatua nyingi. Elfu arobaini na moja!

Mke wangu anashangaa. Anasema katika miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kuniona nafanya kazi hivi, tena bila kulipwa. Nikamwambia ni mapenzi ya ufundi.

Na chakula naongeza. Mtu anayetembea kilomita thelathini kwa siku anahitaji nguvu. Chumvi nayo, maana jasho linaitoa. Hayo ni mambo ya sayansi.

Ijumaa, 14 Juni

Mia na sitini na nne. Imepanda!

Daktari Mtafiti akanikalisha, akapima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akaagiza kipimo kingine. Kile kile. Akanionyesha mchoro kwenye kompyuta. Vidoti arobaini. Thelathini na tisa vimekusanyika pale chini, kadiri mtu anavyotembea ndivyo presha inavyoshuka, vizuri kama watu kwenye foleni. Na kimoja kipo juu kabisa, mbali, peke yake, kama kishada kilichokatika uzi. Akasema: hiki ni wewe, baba.

Nilijisikia fahari. Nikamuuliza kama naweza kupata nakala.

Akasema hajawahi kuona kitu kama hiki, inabidi amtaarifu mkuu wake. Nikamwambia nimezoea. Popote nilipoishi watu wamekuwa wakitaarifiwa.

Jumatatu, 17 Juni

Kinyozi kanunua kiti. Kiti chenye mto!

Siku zote hunyoa amesimama na asubuhi hukimbia mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Leo kakaa, anamzungusha mteja badala ya kumzunguka. Nikamuuliza kulikoni. Akasema yeye si mjinga. Kama fundi anatembea kama upepo na presha inapanda, basi kutembea ndiko kunakopandisha presha. Akasema wenzetu kwenye utafiti wamekubaliana hivyo. Yule mama wa duka la mkaa kaacha. Mlinzi wa benki kaacha, sasa analinda ameketi. Akanishukuru kwa kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine.

Nilitaka kumwambia. Ulimi ulifika mlangoni. Halafu nikawaza ile picha ukutani, na suti ya kijivu, na kinyozi akipita chini yake kila akienda kupimwa. Ulimi ukarudi ndani ukaketi.

Alhamisi, 20 Juni

Leo wamenileta kwenye majaribu.

Mkuu wa utafiti kaja mwenyewe. Mama mrefu, mwembamba, viatu vya raba, umri wake sawa na mama yangu mdogo. Akasema amesoma habari zangu kwa mshangao na anaomba heshima ya kutembea nami siku moja ya kawaida. Siku nzima! Kinyozi, asiyealikwa na mtu, akasema atatusindikiza, akabeba na kiti chake.

Mpango wangu ulikuwa kuongea. Mtu akiongea vizuri wenzake husimama kumsikiliza. Nilipofika kona nikaanza habari za bandari ya kwanza. Yule mama anasikiliza huku anatembea! Sijaona adabu ya namna hiyo. Tulipofika kituo cha mafuta nilikuwa nimemaliza bandari zote tatu na pumzi. Kwenye kilima cha tangi la maji kisigino cha kulia kikachubuka, cha kushoto kikafuata kwa huruma. Nikaketi juu ya jiwe. Kinyozi akanipa kiti. Kwa ukarimu kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikamweleza mkuu kwamba leo njia imepinda vibaya, na kwamba hatua zangu nyingi huwa za mchana. Akaangalia saa yake. Ilikuwa saa saba. Kilomita moja na nusu, akasema. Akaandika neno moja kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili. Halafu akauliza nafanya kazi gani. Nikasema: ushonaji, kazi ya kukaa tu, haina maana. Akaitikia kwa kichwa polepole.

Nafikiri ameridhika.

Jumamosi, 22 Juni

Siku mbaya. 

Asubuhi nilimpelekea mama mkwe gauni lake nililolipunguza kiuno. Juma lililopita alijigamba limemlegea kwa kutembea. Nikabisha hodi, sauti ikanikaribisha kutoka ndani, ndogo. Nikamkuta kwenye kochi, miguu juu ya stuli, imevimba kama mikate. Kasema asubuhi alipoinuka chumba kilizunguka, akashika ukuta. Nesi kapita kumpima. Alikuwa ameshuka mpaka mia na thelathini na nane, mzee wa watu. Sasa ni mia na sitini na moja.

Nikamuuliza, Mama, mbona umeacha kutembea? Akanishangaa. Akasema, "Mwanangu, si wewe? Wewe umetembea kuliko sote na umezidi kuumwa. Mimi nani nikupite?" Akaongeza kwamba katika wakwe zake wote wanne, hunisikiliza mimi tu, kwa sababu nimeiona dunia. Marehemu mume wake alikuwa mbishi, hakumsikiliza mtu, na akaondoka anafunga kamba za viatu. Yeye hataki kufa kibishi.

Nimedanganya maofisa wa forodha wa nchi mbili. Nimedanganya mabwana harusi kuhusu tarehe. Lakini mtu amdanganye mama mkwe, tena ameinua miguu juu ya stuli? Nilikaa chini sakafuni, nikasema yote. Kanyagio, sketi sitini, turubai la hema. Nilisema huku nakunjua na kukunja lile gauni mpaka likawa dogo kama leso.

 Kisha akaniuliza kama tangu siku ya kwanza sikutembea kabisa. Nikasema mpaka kona, Mama. Akaomba viatu vyake. Nikafikiri anataka kunipiga navyo, nikampa, maana ni haki yake. Akavivaa. Akasema nimsogezee fimbo, anakwenda zahanati. Nikamwambia leo Jumamosi, hakuna mtu, na aketi kwanza chumba kitulie. Akasema basi Jumatatu, na mpaka Jumatatu nisimtazame usoni.

Nilimpikia uji nikiwa nimegeukia ukutani.

Jumatatu, 24 Juni

Saa tatu, wakaja dukani wote. Daktari Mtafiti na kompyuta yake, mkuu na viatu vyake vya raba, nesi, mama mkwe, mke wangu. Kinyozi aliviona viatu vingi akaja navyo vya kwake. Daktari hakunigombeza. Aliniomba kwa upole nishone kidogo, baba, kama kawaida. Nikashona. Cherehani tu inasema. Yeye anatazama mguu wangu na kompyuta, mguu na kompyuta. Hatua mia na hamsini kwa dakika. Akavua miwani akafuta macho, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipoona mabega.

Lakini mkuu hakucheka. Akaniambia kwamba kile kidoti changu kimoja kiliwagharimu siku tatu za mabishano. Wenzake wawili walitaka ushauri wa kutembea usitishwe zahanati zote mpaka wajue ninaumwa nini. Watu wangeambiwa wakae. Wangapi, nikauliza. Akasema nihesabu mwenyewe, zahanati kumi na moja. Nilipofika ya nne nikaacha.

Kisha wakakata mkanda kwenye kifundo changu, wakachukua kihesabu, na wakanifuta kwenye mchoro. Daktari alibonyeza mara moja, kishada kikatoweka. Thelathini na tisa. Nimeondolewa kwenye sayansi.

 Mke wangu alizima pasi niliyoisahau, akatoka. Bora angepiga kelele.

Jumanne, 25 Juni

Sikufungua duka. Nimezunguka kwa wenzetu wote wa utafiti, nyumba kwa nyumba, kuwaambia kwamba nilikuwa nimeketi. Mama wa mkaa alinirushia kipande cha mkaa. Mlinzi wa benki alidhani natania, nikaonyesha kwa vitendo kwenye ngazi za benki, wakataka kunikamata. Kwa bibi mmoja asiyesikia vizuri nilipiga kelele mpaka mtaa mzima ukajua. Watu thelathini na wanane, nyumba thelathini na mbili, na kilima cha tangi la maji mara mbili, kwenda na kurudi, kwa visigino vilivyochubuka.

Wa mwisho alikuwa kinyozi. Nikamwambia ainuke kwenye kile kiti, rafiki yangu, akakimbie. Akanitazama. Akasema viatu vyangu vimechanika ubavuni. Akanikata nywele bure. Vibaya, lakini bure.

Nikiwa kitandani nikapiga hesabu. Elfu kumi na nne, hazipungui! Hatua zangu za kweli, za barabarani, za jasho! Na mguuni sina kitu cha kuzihesabu!

Ijumaa, 28 Juni

Utafiti umekwisha. Thelathini na tisa wametembea na kwa wengi imeshuka. Mama mkwe mia na arobaini na moja, na anazidi kushuka. Picha ukutani ni ya kinyozi. Amefumba macho. Nimemwambia ametokea vizuri.

Mimi ni mia na sitini na nane. Vidonge.

Mke wangu ameanza kuongea nami tena. Kasema maneno matano: hutaniacha kama baba alivyomwacha mama. Nikameza cha kwanza hapo hapo mbele ya nesi. Kiligeuka mlangoni, kikasukumwa na maji, kikaenda.

Na habari njema! Kuna utafiti mwingine. Nesi alipinga kwa nguvu nisiingizwe. Daktari Mtafiti akasema safari hii kifaa hakifungwi mguuni, hata nikichezesha miguu hadi kesho. Mke wangu akanidhamini. Nimepewa kisanduku cha dawa, cheupe, kizuri, chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Kikifunguliwa tu, kinapeleka taarifa kwenye kompyuta ya zahanati kwamba mgonjwa amemeza kidonge. Lengo ni kuona nani anakumbuka dawa yake na nani anasahau.

Nimeapa mbele ya mama mkwe kwamba sitadanganya. Kidonge kimoja kila asubuhi. Na ninameza kweli, mke wangu ananisimamia kama askari wa zamu.

Jumatatu, 1 Julai

Kidonge kimemezwa saa moja asubuhi. Mke wangu shahidi. Vidonge anaviweka mwenyewe kwenye kopo la chai, maana haamini mtu.

Kwa hiyo kile kisanduku kimebaki bure. Vyumba saba! Nimetafuta kitu kama hicho miaka ishirini! Nimetia vifungo vyeupe Jumatatu, vyeusi Jumanne, vya shaba Jumatano, kulabu za suruali Alhamisi. Leo nina mashati kumi na mawili ya kwaya, na kila kifungo nafungua, nachukua, nafunga. Mpaka sasa nimefungua mara hamsini na tatu. Kazi inakwenda kama maji.

Na fikiria kompyuta yao inasema nini! Nani kati ya wagonjwa wao anayekumbuka dawa kama mimi? Wengine mara moja kwa siku. Safari hii sijadanganya mtu, nimeshona tu, na tayari naongoza.

Simu kutoka zahanati imeita mara tano. Sikupokea, nina sindano mdomoni. Bila shaka ni habari za picha.

Naandika mbio. Gari la wagonjwa limesimama mbele ya duka, taa zinazunguka, king'ora kinalia. Kinyozi katoka nje na mteja mwenye povu nusu ya kichwa. Heshima gani hii! Wamekuja kunichukua wenyewe! Nimevaa koti la kijivu, nimejipulizia maji ya pasi kwenye ukosi.

Nesi anakuja anakimbia. Ameshika ndoo na mrija mrefu wa mpira. Sijui picha za namna gani hizi zinazopigwa kwa ndoo, lakini mimi ni mtu wa dunia, siulizi.